Huyu Tumwite Nani

Shangazi wa bwana harusi aliuliza swali lake huku akichovya biskuti kwenye chai, kwa utulivu wa mtu anayeomba sukari.

"Na wewe mwenyewe, mama, siku hiyo tukutaje kama nani?"

Mama Kipaza akacheka. Alikuwa na kicheko cha kazi, kikubwa, cha kuanzia tumboni, ambacho kimeokoa sherehe nyingi zilizokuwa zinakwenda kombo. "Mimi ni mshereheshaji, shangazi," akasema. "Mshereheshaji hatajwi, anataja wenzake." Wanawake waliokuwa jikoni wakacheka naye, shangazi naye akacheka, lakini macho hakuyaondoa. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kaunta ya posta, na watu wa kaunta hawakubali jibu la nusu.

"Hilo nimekuelewa. Lakini binti anakaa hapa, baba yake anakaa hapa, na wewe unakaa hapa. Nikirudi kwetu wataniuliza."

"Tutaliweka sawa," akasema Mama Kipaza, akanyanyuka kwenda kukoroga sufuria ambayo ndani yake mlikuwa na maji matupu.

Tangu pale hakutulia tena. Wageni walipoondoka aliosha vikombe, akavifuta, akavipanga, akavishusha, akaviosha tena. Harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata. Anayeolewa alikuwa Punje, binti wa Fundi, mwanamume ambaye Mama Kipaza ameishi naye nyumba moja tangu Punje yuko kwenye umri wa kung'oka meno ya utoto. Binti mwenyewe ndiye aliyeapa kwamba kama mshereheshaji atakuwa mtu mwingine, basi haolewi. Kwa hiyo siku hiyo Mama Kipaza angesimama mbele ya ukumbi mzima, kipaza mkononi, awatambulishe watu wote wa nyumba ile mmoja baada ya mwingine. Akifika kwake mwenyewe, hakujua atasema nini.

Na hapo ndipo penye kichekesho chenyewe, maana maneno ya ndoa ndiyo riziki yake.

Watu hudhani kazi ya mshereheshaji ni kupiga kelele na kuwaamsha wanaosinzia. Kelele kila mtu anaweza. Kazi yenyewe hufanyika kabla, siku ambayo Mama Kipaza huenda kwa wenye harusi, akakaa na akina mama jikoni, akawapitia ndugu kichwa kwa kichwa: huyu tumwite nani? Na huyu? Kwa nini yule mjomba hakai karibu na mke wake? Hakuondoka mpaka kila mtu amepata neno lake, kwa sababu spika zina nguvu na mashemeji wana hasira.

Waliofunga ndoa kidini walikuwa rahisi: mume na mke, vigelegele, tuendelee. Waliofunga kiserikali, mbele ya ofisa na mashahidi waliookotwa kwenye korido, walipenda sana useme "ndoa halali", kana kwamba kuna mtu kabisha. Wa kimila hawakutaka kabisa usikike ukisema kwamba leo wanaoana, kwa kuwa kwa hesabu zao wazee walishamaliza zamani na hii ni shughuli ya kula tu. Walioishi kinyumba mpaka watoto wakaota ndevu, hao "wanabariki ndoa yao", na lile neno kubariki lilikuwa linafika mpaka nyuma kabisa, likawasitiri hata watoto wa kwanza. Mwenye wake wawili unataja bi mkubwa na bi mdogo. Usithubutu kusema mke wa kwanza na mke wa pili, maana ukishaanza kuhesabu, ukumbi wote unasubiri uendelee. Mwanamume aliyehamia kwa mke wake, mtaani wanasema bwana yule ameolewa, na wanasema kwa kucheka mpaka machozi. Kwenye kipaza anasemwa "wameanza maisha". Waliotengana si walioachana. Na mtalaka hatajwi kabisa. Mara moja tu, akiwa bado mgeni kazini, Mama Kipaza alimtambulisha mama mmoja kuwa mtalaka wa mzee fulani, akidhani anampa cheo. Mama yule alimjibu kwa jagi zima la juisi.

Yako maneno mengine, kimada, hawara, nyumba ndogo. Hayo hayasemwi ukumbini. Husemwa na watu wakiwa njiani kurudi makwao, tena bila kuhitaji spika.

Sasa yeye. Yeye aliyesimamia harusi za nusu ya mji hakuwahi kuolewa. Alikutana na Fundi alipompelekea kistendi cha kipaza kilichovunjika mguu. Fundi alikuwa mchomeleaji, mtu wa mageti na madirisha, mkimya, mwenye mikono iliyojaa alama ndogondogo za moto. Alikichomelea kistendi, akakataa malipo, akasema arudi baada ya siku mbili aone kama kimeshika. Kilikuwa kimeshika siku ileile, wote wawili walijua, lakini alirudi. Pale karakana alimkuta mtoto mwenye pengo anayesoma kwa sauti akiwa amekaa juu ya ndoo. Mama wa mtoto alikuwa amepata kazi ya umatroni katika shule ya bweni, mji mwingine, mahali ambapo hawaruhusu mfanyakazi kukaa na mtoto. Yeye na Fundi waligombana kwa simu, kisha wakagombana kidogokidogo, kisha wakaacha hata kugombana. Talaka hakuna aliyeomba, na hakuna aliyetoa. Wakabaki hivyo.

Mama Kipaza alihamia na begi moja. Hakuna aliyepiga kigelegele. Alipika chakula cha jioni, wakala, Punje akamwonyesha jino linalocheza, na maisha yakaendelea. Kwa wateja wa karakana alikuwa "mama hapo". Kwa mwenye nyumba alikuwa "familia". Fundi akimtambulisha kwa rafiki alisema "mwenzangu", kisha akabadilisha mazungumzo haraka. Alipovunjika mkono akalazwa, muuguzi mlangoni alimuuliza Mama Kipaza, "Wewe ni nani wake?" Akajibu, "Wa nyumbani." Muuguzi akamwacha apite. Punje alimwita mamdogo tangu wiki ya kwanza, na lile neno lilikuwa blanketi zuri, lilifunika kila kitu. Watu wakisikia mtoto anaita mamdogo, hawaulizi zaidi. Na kusema kweli miaka yote ile halikumuuma. Alikuwa na kazi, alikuwa na mtoto wa kumfokea asubuhi, alikuwa na mtu wa kumsubiri jioni.

Shangazi ndiye aliyefungua mfuniko. Usiku uleule Mama Kipaza akiwa amelala chali alitambua jambo: Punje akiolewa, mamdogo naye anaondoka. Mle ndani atabaki Fundi, na mwanamke ambaye hana neno.

*

Siku ya pili alikwenda karakana. Fundi alikuwa amechuchumaa mbele ya geti, kinyago usoni, cheche zinaruka.

"Baba Punje."

"Naam."

"Shangazi ameuliza mimi ni nani."

"Umemjibu?"

"Nimemchekesha."

"Basi vizuri." Akarudisha kinyago.

"Si vizuri. Zima hiyo mashine." Alisubiri mpaka imezimwa. "Jumamosi upande wetu utatambulisha wewe. Siyo mimi. Nitakupa kipaza, utawataja watu wako, na mimi utanitaja."

"Mimi na kipaza wapi na wapi? Wewe ndiye mwenye maneno. Tafuta lolote zuri, mimi nitatikisa kichwa."

"Nimewatafutia watu maneno mpaka nimezeeka. Hili silitafuti. Mtu hasimami mwenyewe akasema mimi ni wa fulani. Fulani ndiye anasema."

Fundi alijifuta jasho kwa mgongo wa mkono, akaacha mstari mweusi kwenye paji la uso. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kukuta tatizo lisilotatuliwa kwa kuchomelea, na akikutana nalo huliegemeza ukutani akalisahau. "Sawa," akasema. "Nitasema."

"Utasema nini?"

"Nikifika pale nitajua."

Jibu lile ndilo alilotoka nalo karakana. Wiki nzima alitembea nalo. Akifagia alikuwa anayajaribu maneno kimoyomoyo, akijiona amesimama ukumbini. Mke? Neno lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe yu hai na anakuja. Mwenzi? Lilimkumbusha mabango ya zahanati, mje kupima na wenzi wenu. Mchumba? Kwa umri huu, na miwani ya kusomea? Mama mlezi lilikuwa la kweli kabisa, hakuna ambaye angelipinga, lakini lilimhusu Punje, halikumhusu Fundi. Bi mdogo lingefaa kama angeolewa. Rafiki wa familia, hapana, afadhali atolewe ukumbini amebebwa.

Punje alimkuta juu ya kiti anafuta dirisha.

"Mamdogo, hilo dirisha umelisafisha jana."

"Lilikuwa chafu."

"Baba amekufanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Ndiyo nauliza, kitu gani hajafanya?"

Mama Kipaza alishuka kwenye kiti. Mtoto huyu amemlea mwenyewe, na sasa anavuna akili alizozipanda. Akamweleza yote, kwa kifupi. Punje alimsikiliza akiwa amekunja mikono, kisha akasema, "Tatizo liko wapi? Nitakutaja mimi. Nitasema huyu ni mama yangu."

"Mama yako atakuwa amekaa mbele, amesafiri kutwa nzima kuja. Usimvunjie heshima."

"Basi nitasema ni mama zangu wote wawili."

"Wewe unanitaja kila siku, mwanangu. Sijawahi kukudai wewe." Akachukua tena kitambaa, akapanda kiti, akaendelea na dirisha.

*

Matroni, mama mzazi wa Punje, alifika Ijumaa mchana, mwanamke mrefu, aliyenyooka, mwenye sanduku lililofungwa kamba kwa mafundo ya mtu aliyezoea kufunga masanduku ya wasichana mia. Alisalimia kila mtu. Alimpa Fundi mkono kama mkaguzi anavyompa mwalimu mkono. Kisha akapelekwa chumba cha Punje, na Mama Kipaza akamfuata na shuka, akiomba moyoni mtu yeyote amwite nje. Hakuna aliyemwita.

Walitandika kitanda pamoja, mmoja huku, mmoja kule. Matroni alikunja pembe za shuka kwa namna ya bweni, zikakaza kabisa.

"Amekua vizuri," akasema Matroni. "Nilitegemea kukuta binti wa kudeka."

"Anadeka. Leo anakuonea haya."

Matroni akatabasamu kidogo. Akapiga mto, akauweka. "Kesho utanitaja vipi?"

Hapo Mama Kipaza alikuwa kazini kwake, na sauti ikamrudi. "Mama mzazi wa bibi harusi."

"Basi?"

"Unataka kuongeza?"

"Mimi sijaachwa," akasema Matroni, bila ukali. "Sina haja naye, na kama unafikiri nimekuja kumchukua, lala usingizi wako. Lakini nimeolewa, ndugu zangu wote walikuwepo, na hakuna siku mtu aliniambia nimeachika. Sitaki kukaa pale mbele kama mtu aliyempatia mtoto akapita."

"Hakuna aliyeomba ukae hivyo. Atakayetambulisha ni Baba Punje mwenyewe."

"Yeye?" Kwa mara ya kwanza Matroni alicheka kweli, akakaa kitandani. "Huyu bwana siku ya harusi yetu aliulizwa kama ananikubali, akatikisa kichwa. Ofisa akamwambia tamka. Akatikisa tena. Kaka yake akamkanyaga mguu ndipo akasema ndiyo, na alisema kwa sababu ya maumivu."

Walicheka wote wawili, wakacheka mpaka Punje akachungulia mlangoni kuona kulikoni. Mama Kipaza alitoka mle chumbani akiwa amempenda yule mwanamke, na hofu yake ikiwa imeongezeka maradufu.

*

Ukumbi ulikuwa umejaa kabla jua halijaanza kushuka. Feni zilizunguka bila faida. Mama Kipaza alivaa viatu vyake vya ukumbini, vya kisigino, na gauni la kijani ambalo Punje alimchagulia, akapanda jukwaani, akashika kipaza, na kama kawaida ile sauti ikatoka mahali ambapo hofu haifiki. Aliwainua waliokaa, akawakalisha waliosimama, akamtania mpiga picha kwamba anapiga picha chakula kuliko watu. Bwana harusi aliingia, Punje akaingia, amependeza mpaka Mama Kipaza ikambidi azungumzie hali ya hewa kwa dakika nzima ili asilie.

Shangazi akatambulisha upande wao, haraka na kwa mpangilio, kama anayegonga mihuri. Zamu ikaja.

"Na sasa," akasema Mama Kipaza, "upande wa bibi harusi. Mimi leo nitapumzika. Baba mwenyewe atawatambulisha watu wake."

Makofi. Fundi akapanda, suti imembana mabegani. Akakipokea kipaza kwa mikono miwili. Mama Kipaza akachukua kile cha akiba, akasogea pembeni. Fundi alianza vizuri, kusema kweli. Alimtaja kaka yake, akawataja dada zake, akamtaja mjomba aliyekuwa amelala, watu wakacheka. Akasema, "Na huyu ni mama mzazi wa binti yangu," Matroni akasimama, akainama kidogo, akabaki amesimama sekunde moja zaidi, akakaa. Kisha Fundi akageuka.

"Na huyu," akasema.

Moyo wa Mama Kipaza ulikuwa unadunda mpaka aliogopa kipaza kitaunasa.

"Na huyu hapa. Huyu mnamjua. Nani asiyemjua?" Watu wakacheka. "Huyu ndiye... yaani bila huyu, mimi na mtoto... tuseme tu ukweli, huyu..." Spika zikapiga mluzi. Fundi akakisogeza kipaza mbali, akakirudisha, akatabasamu kwa watu, jasho linamtiririka. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Sema, baba!" Shangazi wa bwana harusi akavua miwani, akaishika.

Kile kipaza cha akiba kilikuwa kwenye mkono wa Mama Kipaza, kimewashwa. Alikuwa amewaokoa watu kwenye shimo kama lile mara zisizohesabika, na mkono wenyewe kwa mazoea ulianza kupanda. Utani mmoja tu ulitosha. Angesema, baba amezidiwa na furaha, tumpigie makofi, na shughuli ingesonga. Akaushusha mkono. Akaukandamiza kwenye gauni. Leo, akajiambia, huyu mtu atavuka mwenyewe, na asipovuka nitajua.

Punje alikuwa anamtazama baba yake kwa macho ya kumsukuma. Fundi alifungua mdomo, akaufunga, akatazama sakafu.

Ndipo Matroni akasimama. Alipanda jukwaani kwa hatua za mtu anayekwenda kutuliza bweni, akakichukua kipaza mikononi mwa Fundi.

"Baba Punje amepatwa na kwikwi," akasema, "nitamsaidia. Mimi ni mke wa huyu bwana. Nilipoondoka kwenda kutafuta maisha, nilimwacha mwanangu mdogo, hawezi hata kujifunga kamba za viatu. Huyu mama mnayemwona amevaa kijani ndiye aliyemfunga viatu mpaka leo anavaa viatu vya harusi. Kwa hiyo msihangaike kumtafutia jina. Huyu ni mke mwenzangu."

Ukumbi ulilipuka. Vigelegele vilitoka pembe zote, hata kwa watu wa upande wa pili, na wa kwanza kupiga makofi alikuwa shangazi. Punje alikuwa analia waziwazi, rangi za macho zinashuka mashavuni. Matroni alimfungulia Mama Kipaza mikono, wakakumbatiana mbele ya watu wote, na Mama Kipaza alihisi furaha ya kweli, ya kumjaa kifuani. Mke mwenza. Neno ambalo wanawake wengine hulitema, yeye alilipokea kama maji. Limesemwa kwenye spika, na limesemwa na mtu pekee ambaye angeweza kulikataa.

Juu ya bega la Matroni akamwona Fundi. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Uso umemlegea kama wa mtu aliyeng'olewa jino bila kuhisi maumivu. Na alikuwa anapiga makofi. Alipiga makofi pamoja na wageni, kwa bidii, kama mgeni.

Mama Kipaza alijitoa taratibu mikononi mwa Matroni, akamshukuru, akarudi kwenye kipaza. Aliendesha sherehe ile mpaka mwisho, na waliokuwepo wanasema hajawahi kuchangamka vile.

*

Ukumbi ulitakiwa kurudishwa kabla ya giza. Maharusi walishaondoka kwa honi. Vijana walikuwa wanapakia viti kwenye lori nyuma ya ukumbi, na Mama Kipaza alikuwa kwenye bomba anaosha mikono aliyokwisha kuiosha. Fundi akaja, tai imelegezwa, amechangamka kuliko siku zote za wiki ile.

"Umeona sasa? Wiki nzima unajitesa, na limekwisha lenyewe."

"Halijaisha."

"Halijaishaje? Watu wote wamesikia."

"Wamemsikia Matroni. Wewe hujasema."

"Amesema vizuri kuliko ningesema mimi! Umewasikia wale akina mama?" Alicheka. "Hata yule shangazi wako."

"Baba Punje." Alifunga bomba. "Amesema mimi ni mke mwenza. Nimefurahi, na nitamshukuru mpaka nakufa. Lakini hapa hakuna spika na hakuna watu. Mke mwenza, sawa. Mke wa nani?"

Fundi alitazama lori. Alitazama lango la ukumbi, akalitazama kwa makini, kana kwamba anakagua bawaba zake. "Mambo gani haya," akasema. "Watu wanatusubiri kwenye gari."

"Wasubiri."

"Wewe si unajua."

"Najua. Nataka unitajie."

Alisubiri. Alimpa muda wote ambao mtu anaweza kupewa. Viti vilikuwa vinagongana kwenye lori, mtu alikuwa anapiga mluzi wa wimbo wa maharusi kuingia. Fundi alijifuta uso kwa tai. Akaanza, "Sasa wewe, kwa mfano, mimi nikisema..." akaishia pale.

"Basi," akasema Mama Kipaza. Sauti haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililomtisha Fundi. "Matroni amenipa mwenza. Mume bado sijamwona."

Akavua viatu vya ukumbini, akavishika mkononi, akaenda pekupeku mpaka kwenye lori, akamwomba dereva amshushe kwa dada yake, si mbali, ni njiani. Dereva akamwondolea takataka kwenye kiti cha mbele. Akapanda, akafunga mlango.

Fundi alibaki pale kwenye bomba, mikono inaning'inia. Lori lilipowashwa ndipo akashtuka, akakimbia hatua kadhaa, na hatimaye akapaza sauti kwa nguvu zote alizokuwa nazo, mpaka vijana juu ya viti wakageuka.

"Mama Kipaza!"

Dereva akaweka mguu kwenye breki. "Unaitwa, mama."

"Hivyo wananiita watu wote," akasema. "Twende."